Sura ya Sita: Gari la Miaka Ishirini, Kampuni ya Miaka Mitatu

Baadhi ya madini muhimu ya kutengenezea gari la umeme ama yanapita Mbalizi, mji ulio jirani na Mbeya, ama yamelala karibu yake. Shaba na kobalti za Katanga huvuka mpaka wa Kasumbalesa, zikakatiza Zambia, zikaingia Tanzania kwa Tunduma na kufuata barabara ya TANZAM hadi bandari ya Dar es Salaam, zimefunikwa maturubai juu ya matrela. Kongo peke yake hutoa takribani asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu ya mzigo huo hupita mbele ya wauza ndizi na viazi wa Mbalizi mchana na usiku. Magharibi kidogo ya mji, karibu na uwanja wa ndege wa Songwe, upo mlima Panda wenye madini ya niobi, ambayo yakitiwa kidogo tu kwenye chuma hukifanya kiwe kigumu bila kuongeza uzito. Ukiishika barabara ya Mkwajuni kuelekea kaskazini, unakwenda upande wa Ngualla, kwenye madini adimu ya kutengenezea sumaku za mota za umeme.

Magari yenyewe yanakuja kwa upande wa pili. Kutoka bandarini yanapanda magari ya IT, yale yanayoendeshwa safari moja tu kwenda Zambia au Kongo, mengine vioo vikiwa bado na maandishi ya mnada wa Japani. Malighafi zinashuka pwani, magari yaliyokwisha kutumika yanapanda bara, na Mbalizi ipo katikati, inauza chai, oili na tairi.

Swali la sura hii huulizwa sana California, Beijing na Tokyo: je, kampuni ya teknolojia, iliyozoea simu, programu au vifaa vya nyumbani, iingie kwenye biashara ya magari? Huko hujibiwa kwa hesabu ya mtaji na faida ya wanahisa. Mimi nataka tulijibu tukiwa Mbalizi, kwa kuwa gari huishi huku miaka mingi kuliko linavyoishi katika nchi lilikotengenezwa, na anayelihudumia huku ndiye anayejua limetengenezwa vizuri au vibaya. Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime njia nzima: iingie, lakini kwa sharti moja kubwa, kwamba gari lake liweze kuishi hata kampuni ikifa.

Waliojaribu duniani

Tesla ilianzishwa California mwaka 2003 na Martin Eberhard na Marc Tarpenning, wahandisi ambao kabla ya hapo walikuwa wametengeneza kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Gari lao la kwanza, Roadster, lilijengwa kwa msingi wa gari la kampuni ya Lotus ya Uingereza, na betri yake ilikuwa maelfu ya seli ndogo za aina inayotumika kwenye kompyuta mpakato. Hapo ndipo watu wengi wa teknolojia walipoanza kuamini kwamba gari limekuwa kompyuta yenye magurudumu, na kwamba mwenye kuijua kompyuta ameshajua nusu ya gari.

Nusu nyingine iliwatoa jasho. Kampuni ya Dyson, maarufu kwa mashine za kufyonza vumbi, ilitangaza mwaka 2017 kwamba itatengeneza gari la umeme. Oktoba 2019 ikaufunga mradi. James Dyson alieleza baadaye kwamba alitumia pauni milioni 500 za kwake, na kwamba ili gari lirudishe gharama lingepaswa kuuzwa pauni 150,000 kila moja. Gari la majaribio lilikuwepo na lilitembea. Soko la bei hiyo ndilo halikuwepo.

Apple ilichukua muda mrefu zaidi. Kwa takribani miaka 10, kuanzia 2014, ilikuwa na mradi wa gari ambao haikuwahi kuutangaza rasmi. Mabilioni ya dola yalitumika na wakuu wa mradi wakabadilishwa mara kadhaa, huku wakisitasita kati ya gari linalojiendesha lenyewe kabisa na gari la kawaida lenye dereva. Februari 2024 mradi ulifutwa na baadhi ya wahandisi wakahamishiwa kwenye akili mnemba. Hii ni kampuni yenye fedha kuliko serikali nyingi, na bado haikuona njia.

Mwezi mmoja tu baadaye, Machi 2024, Xiaomi ya China ilianza kuuza gari lake la kwanza, SU7. Mwenyekiti wake Lei Jun alikuwa ametangaza nia hiyo Machi 2021, kwa ahadi ya kuwekeza dola bilioni 10 ndani ya miaka 10. Kufikia mwisho wa 2024 walikuwa wamekabidhi magari zaidi ya 135,000. Tofauti yao na Apple inaeleweka. Xiaomi waliingia wakati China ina viwanda vya betri, mota, vioo na viti ndani ya umbali wa safari ya lori, walijenga kiwanda chao Beijing, na hawakungoja gari lijiendeshe lenyewe ndipo waliuze. Huawei wakachagua njia ya tatu: wanasema hawatengenezi magari, bali wanawapa watengenezaji kama Seres programu na vifaa vya umeme.

Kwa msomaji wa kwetu, mfano wenye uzito zaidi ni wa kampuni iliyokufa. Fisker ya Marekani iliendesha mambo kwa mtindo wa kampuni za simu: inabuni, kisha inampa mwingine kazi ya kutengeneza, na aliyetengeneza alikuwa Magna, nchini Austria. Gari lake, Ocean, lilianza kukabidhiwa kwa wateja mwaka 2023. Juni 2024 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika. Wenye magari wakajikuta na gari jipya lenye kasoro za programu, bila kampuni ya kuzirekebisha, na spea zikiwa za kuwinda. Waliunda umoja wao wenyewe, wakaanza kutafutana, kuchangishana na kusaka wataalamu wa kuifungua mifumo. Matajiri wa Marekani na Ulaya walilazimika kuwa kama sisi: wenye magari ambayo aliyeyatengeneza hayupo kuyajibia.

Umri wa gari

Sisi tumekaa katika hali hiyo miaka yote, na tumeijengea uchumi mzima. Toyota Noah za umbo la kwanza, zinazobeba abiria na magunia kwenye njia nyingi za vijijini, zilianza kutengenezwa mwaka 1996. Zilitembea Japani miaka kadhaa, zikapita mnadani, zikavuka bahari, na maisha yao makubwa zikayaanzia hapa. Barabara ya Mbalizi kwenda Shigamba wakati wa masika haijali gari lilizaliwa lini. Inajali kama bushi zimebadilishwa, kama shokapu zinashika, na kama dereva anajua kupita kwenye utelezi.

Ukiwa gereji yoyote ya kando ya barabara kuu, mazungumzo ni ya namna hii:

"Fundi, taa ya injini imewaka tena."

"Tangu lini, kaka?"

"Juzi. Nikianza kupanda Iwambi inakosa nguvu kabisa, abiria wanaguna."

"Basi usinunue kitu. Tuipige mashine kwanza tuone inalia nini. Ikiwa sensa, ipo ya used, tutaisaka Mwanjelwa."

Humo mna mambo matatu ambayo mtu wa California hayaoni. La kwanza, gari linaweza kusomwa na mtu yeyote. Mashine ya kupimia inachomekwa kwenye tundu chini ya usukani, na tundu hilo ni la mfumo mmoja kwa karibu kila gari, kwa sababu Marekani ililazimisha hivyo kuanzia magari ya mwaka 1996 na dunia ikafuata. Fundi wa Mbalizi hahitaji ruhusa ya Toyota. La pili, spea ipo. Haijatoka kiwandani, imetoka kwenye gari jingine lililokufa. La tatu, kama haipo, fundi atapiga baipasi, atachonga, au ataazima kipuri cha gari la jamii nyingine kinachokaribiana.

Mambo hayo matatu yanavunjika mara kampuni ya teknolojia inapoingia na mazoea yake. Simu hupewa masasisho ya programu miaka michache, kisha kampuni hukuomba ununue nyingine. Betri hufungwa kwa gundi. Kipuri kikibadilishwa na asiyeidhinishwa, simu inakataa kukitambua. Seva ikizimwa, huduma imekwisha. Mwaka 2022 kampuni za simu za Marekani zilizima mitandao ya 3G, na magari mengi yaliyokuwa yakiitegemea yakapoteza huduma zake za mawasiliano, ingawa injini zilikuwa nzima. Sasa mfikirie mwenye bajaji ya Mbalizi ambaye betri yake haiwaki mpaka iongee na seva iliyoko nchi nyingine, na ada ya seva ilipaswa kulipwa na kampuni iliyofilisika mwezi uliopita. Fundi atakuja na spana zake, ataikuta bajaji nzima kabisa, na hataweza kuiwasha.

Majaribio ya kwetu

Afrika Mashariki imejaribu kutengeneza magari kwa njia zote: kupitia jeshi, vyuo vikuu, na wajasiriamali. Kila njia imetuachia somo.

Kenya ilianza kwa amri. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Wakenya. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer ilizinduliwa, magari matano ya mfano, yenye kwenda hadi kilomita 120 kwa saa. Shirika likaundwa la kuyatengeneza kwa wingi. Hayakuuzwa kamwe. Wahandisi walikuwa wamethibitisha kwamba wanaweza, lakini mtaji wa kutoka gari la tano hadi la elfu tano haukupatikana.

Uganda ikafuata na wanafunzi na walimu wa Makerere. Novemba 2011 walitembeza Kiira EV, gari dogo la umeme la watu wawili. Mwaka 2016 wakaonyesha basi la Kayoola lenye sola juu ya paa. Serikali iliendelea kuutunza mradi, ikaunda Kiira Motors na kutoa ardhi Jinja kwa kiwanda. Baada ya gari dogo, nguvu zao zilielekea kwenye mabasi, na ulikuwa uamuzi wa busara: basi lina wanunuzi wachache wanaojulikana, njia inayojulikana na mahali pamoja pa kulala usiku.

Kwetu, Shirika la Nyumbu la Kibaha, chini ya Jeshi la Wananchi, lilitengeneza malori katika miaka ya 1980. Machi 2022 mchoraji wa katuni Masoud Kipanya aliwashangaza wengi Dar es Salaam alipozindua gari dogo la umeme alilolitengeneza. Na Kibaha hiyohiyo leo kuna kiwanda cha GFA kinachounganisha malori ya FAW ya China. Kati ya yote haya, kinachoendelea kutoa magari kwa wingi ni kile kilichokubali kuunganisha muundo wa mwingine.

Mkasa wa Mobius unastahili kusimuliwa zaidi. Joel Jackson, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kenya, aliona kwamba magari mengi yanayopita vijijini hayakubuniwa kwa barabara za vijijini. Akaanzisha Mobius Motors na kubuni gari gumu na rahisi. Toleo lililoingia sokoni, Mobius II, halikuwa na kiyoyozi wala madirisha ya vioo, na liliuzwa kwa takribani shilingi 950,000 za Kenya. Wazo lilikuwa sahihi, ila hesabu ikakataa: kwa fedha hizohizo mnunuzi wa Nairobi alipata Toyota iliyotumika, yenye vioo, redio na kiyoyozi, na yenye fundi kila kona. Mobius wakapandisha ubora, bei nayo ikapanda. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kujifunga kwa hiari, kisha mnunuzi wa kigeni akajitokeza.

Mshindani wa gari jipya lolote Afrika Mashariki, kwa hiyo, ni Toyota ya zamani. Gharama za kuibuni zilirudi zamani sana, na sehemu kubwa ya thamani yake imekwisha kulipwa na Mjapani. Kampuni ya teknolojia inayotaka kumuuzia mtu wa Mbalizi gari zima inashindana na gari hilo.

Walioingia bila kutengeneza

Hata hivyo kampuni za teknolojia zimeshaingia kwenye soko la magari la Afrika Mashariki, na zimeingia kwa nguvu. Nyingi hazikutengeneza hata tairi.

Ya kwanza ni ile ambayo jina lake limebandikwa kwenye vioo vya magari ya nchi nzima: BE FORWARD, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 2004. Ilichokifanya ni kuweka mtandaoni magari yaliyotumika ya Japani, pamoja na picha, kilomita, bei na usafiri hadi bandarini. Zamani, mfanyabiashara wa Mbeya aliyetaka gari alitegemea yadi za Dar es Salaam na maneno ya dalali. Leo analichagua kwa simu akiwa Mbalizi. Kampuni hiyo ilijulikana kiasi kwamba nchini Malawi, timu ya Wanderers ya Blantyre ilibeba jina lake kwa miaka kadhaa.

Ya pili ni Uber, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2016. Haikumiliki gari. Iliwakutanisha dereva na abiria, ikakata kamisheni. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa kamisheni hiyo kuwa asilimia 15, na Aprili mwaka huo Uber ikasitisha huduma nchini. Ukomo ulipolegezwa hadi asilimia 25, ikarejea Januari 2023. Katika miezi hiyo ya katikati madereva waliendelea kuwa na magari, na waliendelea kudaiwa mikopo ya magari hayo. Kampuni ilizima programu ikaondoka. Dereva hana cha kuzima.

Nairobi waliona toleo kali zaidi. Nopea Ride, huduma ya teksi za umeme iliyoanza mwaka 2018 kwa mtaji wa Wafini, ilitumia magari ya Nissan Leaf na ilisifiwa sana. Mwishoni mwa 2022 kampuni mama ikashindwa kifedha huko Finland, na huduma ikafungwa Kenya. Uamuzi wa ofisi moja ya Ulaya uliwaondolea kazi madereva wa Nairobi, wala kosa halikuwa la soko la Nairobi.

Kundi la tatu ni la mikopo. Kampuni iitwayo Watu, iliyoanzia Mombasa mwaka 2015, huwakopesha vijana bodaboda na bajaji na imefika hadi Tanzania. M-KOPA, iliyoanza kwa sola za kulipa kidogo kidogo kwa simu, sasa hukopesha pikipiki za umeme Kenya. Kwa kijana wa Mbalizi hili ni jambo kubwa. Njia ya zamani ni kuendesha bajaji ya tajiri na kupeleka hesabu kila jioni, au kuichukua kwa mkataba na kulipa mpaka iwe yako. Mkopo wa simu umempa njia nyingine, lakini kwa mashine inayofuatiliwa kwa satelaiti na malipo yanayopigwa hesabu kila wiki.

Kundi la nne ndilo linalogusa chombo chenyewe. BasiGo ya Nairobi, iliyoanzishwa 2021, haikubuni basi lake kuanzia sifuri. Ilichukua muundo wa BYD, ikautengenezea namna ya kulipia: mwenye matatu anatoa kiasi cha kuanzia, kisha betri na umeme analipia kwa kila kilomita. Ampersand ya Rwanda nayo humwachia mwendesha bodaboda pikipiki, yenyewe ikabaki na betri. Dereva anafika kituoni, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa.  Hawa walijiuliza ni sehemu gani ya gari inayomtisha mnunuzi wa huku. Wakaona ni betri: ghali, mpya, na fundi wa kona haijui. Wakaibeba wao.

Huo ndio ujasiri sahihi wa kampuni ya teknolojia. Ibebe hatari ambayo mwenye gari hawezi kuibeba, na imwachie yale anayoyaweza.

Mtihani wa Iwambi

Tuone sasa kama hesabu hizo zinasimama kwenye milima ya Mbeya. Nairobi na Kigali zina vilima, lakini kutoka Mbeya mjini hadi Mbalizi kuna mteremko wa Iwambi, ambao madereva wa malori wanauogopa na ambao umeua watu wengi breki zilipokataa. Lori hushuka likiwa limebeba mzigo, dereva anashikilia breki, breki zinapata moto, na moto ukizidi zinaacha kushika. Ndiyo maana wenye uzoefu hushuka kwa gia.

Gari la umeme hapo lina faida ya kweli. Mota yake ikigeuzwa kazi inakuwa jenereta: inashikilia gari na wakati huohuo inarudisha umeme kwenye betri. Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, lori la tani 50 likishuka mita 100 za wima linaachia nishati inayokaribia uniti 13 na nusu za LUKU. Kwenye lori la dizeli nishati hiyo inapotea bure, sehemu kubwa ikiishia kuwa joto la breki na la injini. Kwenye lori la umeme sehemu kubwa inaweza kuokolewa, na breki zikabaki baridi.

Ila kuna mtego. Betri iliyojaa haiwezi kupokea umeme zaidi. Basi likichajiwa mpaka asilimia 100 Mbeya mjini halafu likaanza safari kwa kushuka Iwambi, mota haina pa kuupeleka umeme wake, na kazi inarudi kwenye breki za kawaida pale zinapohitaji msaada kuliko popote. Suluhisho ni programu inayojua kwamba betri inayoanza safari kwa kushuka isijazwe kabisa, na kituo kikubwa cha kuchajia kiwe chini, upande wa Mbalizi na Ifisi, ambako barabara ya njia nne kutoka Nsalaga inaishia. Mhandisi aliyeko Shenzhen hawezi kulijua hili mpaka aambiwe na dereva wa Coaster. Hapa ndipo kampuni ya teknolojia ingepata kazi yake halisi huku nyanda za juu: kuandika programu inayoijua milima yetu, pamoja na baridi ya Juni na Julai inayopunguza nguvu za betri asubuhi.

Na bajaji je? Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, uniti moja pamoja na kodi imekuwa takribani Sh 356. Lita ya petroli miaka ya karibuni imecheza kati ya Sh 2,700 na zaidi ya Sh 3,000, na bei elekezi za EWURA huipandisha zaidi kadiri unavyokwenda mbali na bandari. Bajaji ya petroli inayokula lita tatu na nusu hadi nne kwa kilomita 100 inamla dereva takribani Sh 9,500 hadi zaidi ya Sh 12,000. Ya umeme, ikitumia uniti saba au nane kwa umbali huo, inamla chini ya Sh 3,000. Milima itaongeza pande zote mbili, lakini pengo halitazibika. Umeme nao umeongezeka: bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na njia ya kilovoti 400 inavutwa kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi Tunduma na Sumbawanga.

Kwa hiyo dereva wa bajaji ana sababu ya kuhamia umeme. Anachokosa ni uhakika kwamba mwaka wa nne, betri inapochoka, kutakuwa na mtu wa kumuuliza.

Masharti

Kutokana na yote hayo, kampuni ya teknolojia inayotaka kuleta vyombo vya moto huku inapaswa kuulizwa mambo manne, na kila moja lina jibu la vitendo.

Kwanza, chombo kinawaka bila seva? Ufuatiliaji na malipo vinaweza kupita mtandaoni, lakini mkopo ukishalipwa wote, kufuli la mbali liondolewe kabisa na mwenye chombo apewe uthibitisho.

Pili, fundi wa nje anaweza kukisoma? Tundu la kupimia liwe la wazi na maana ya kila msimbo wa hitilafu ichapishwe kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kipo mwendo mfupi tu kutoka Mbalizi; vijana wake na mafundi wa mtaani wafundishwe pamoja kufungua betri, kupima seli na kubadilisha iliyokufa bila kupigwa na umeme.

Tatu, betri inaingiliana? Ikiwa kila kampuni ina umbo lake na plagi yake, Mbalizi itakuwa na vibanda vitano vya kubadilishia betri, na kampuni mojawapo ikifa wateja wake hawana pa kwenda. Kazi ya kuweka kiwango kimoja ni ya Shirika la Viwango, TBS, na wakati wake ni sasa, vyombo vikiwa bado vichache.

Nne, kampuni ikifilisika, nani anabaki na nini? Mabenki hutakiwa kuweka akiba ili mteja asipoteze fedha zake. Kampuni inayomiliki betri za maelfu ya madereva nayo iweke dhamana ya spea, na michoro na programu zake zihifadhiwe kwa mtu wa tatu, atakayezitoa siku milango ikifungwa. Hilo ndilo walilolikosa wenye Fisker.

Shabiki wa teknolojia atasema masharti haya yatawafukuza wawekezaji. Yatawafukuza wale waliopanga kukaa miaka mitatu, kuonyesha idadi ya wateja, kisha kuuza kampuni. Anayepanga kukaa atagundua kwamba masharti hayo yanamuuzia bidhaa. Dereva wa Mbalizi hununua Toyota kwa sababu anajua hata Toyota wenyewe wasipomjali, gari litaendelea. Anayetaka kumtoa huko ampe uhakika uleule.

Kampuni ya namna hiyo haina haja ya kutengeneza gari zima. Mwili wa chombo uunganishwe Kibaha au uje kwa kontena kutoka India na China, kama bajaji zinavyokuja leo. Kampuni ichukue betri, programu, mkopo na kituo cha kuchajia, ianze na bajaji na Coaster za njia ya Mbalizi na mjini, zinazokwenda na kurudi palepale kila siku, na mengine yafuate kadiri mafundi wanavyoongezeka. Masharti yenyewe yaandikwe kwenye leseni ya LATRA na kwenye mkataba wa mkopo kabla kontena la kwanza halijafunguliwa. Yakisubiri mpaka baada ya hapo, dereva atakuwa ameshatia saini, na atakuwa anadaiwa.